Kelele na mitetemo mjini: Kwa nini utulivu hupangwa kabla ya jengo kusimama

Baa chini ya vyumba vya kulala, jenereta ukutani mwa zahanati, lori la kokoto linalotikisa vyombo kabatini alfajiri. Malalamiko mengi ya kelele mijini husikika jengo likiwa limekwisha kukamilika, na kufikia hapo suluhisho huwa chache na ghali. Makala haya yanaeleza jinsi kelele na mitetemo inavyopimwa, sheria ya Kenya inasema nini, na kwa nini uamuzi wenye uzito zaidi hufanywa mchoro ungali mezani.

Mtu anayetafuta nyumba ya kupanga au kununua mjini Nairobi huuliza maswali yanayojulikana. Maji hupatikana siku ngapi kwa wiki? Umeme ni wa tokeni? Kuna pa kuegesha gari? Ulinzi ukoje? Ni wachache wanaouliza sakafu ya jirani wa juu ina unene gani, pampu ya maji imefungwa wapi, au kiwanja kitupu cha upande wa pili wa barabara kimeombewa kibali cha kujenga nini. Majibu ya maswali hayo huja baadaye, mara nyingi usiku wa Ijumaa wa kwanza.

Kelele huonekana kuwa jambo la tabia: jirani hana adabu, mwenye baa hajali. Tabia inachangia, lakini sehemu kubwa ya tatizo ni ya mipango. Mtaa uliopangwa vibaya huwagombanisha hata watu waungwana, kwa sababu umewaweka mahali ambapo shughuli halali ya mmoja humnyima mwingine usingizi.

Desibeli si kama kilo

Kelele hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakijumlishwi kama kilo za sukari. Ukiwa na jenereta inayotoa desibeli 60, kisha ukawasha ya pili inayofanana nayo kando yake, hupati 120 bali 63. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti imeongezeka maradufu. Zikiongezeka desibeli 10, nguvu imekuwa mara 10, na sikio la kawaida huihisi sauti hiyo kuwa kubwa takriban mara mbili. Kwa hiyo mwenye mradi anayesema amevuka kiwango "kwa desibeli 10 tu" amekiri jambo kubwa.

Sikio la binadamu pia halisikii sauti zote kwa kiasi kimoja. Sauti nyembamba hulifikia kwa urahisi kuliko sauti nzito. Ndiyo maana vifaa vya kupimia hurekebishwa vifuate sikio, na matokeo huandikwa kwa alama dB(A). Marekebisho hayo yanafaa kwa shughuli nyingi, lakini yana upungufu wake: hupunguza uzito wa besi. Na besi ya spika ndiyo inayopenya ukuta kwa urahisi, huku maneno ya wimbo yakibaki nje. Kipimo kinaweza kuonyesha idadi ya kawaida ilhali mtu aliye kitandani anasikia ngoma ikidunda kifuani. Tathmini iliyofanywa kwa makini hupima sauti nzito peke yake pia.

Jambo la tatu ni muda. Viwango vingi vya sheria ni wastani wa saa kadhaa. Lori likipita kwa sekunde 10 usiku wa manane, wastani wa usiku mzima hausogei sana, lakini mtoto amekwisha kuamka. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilitoa vipimo viwili kwa chumba cha kulala usiku: wastani usiozidi desibeli 30, na tukio moja moja lisilozidi 45. Katika mwongozo wa mwaka 2018 uliotayarishwa kwa ajili ya Ulaya, shirika hilo lilipendekeza kelele za barabarani usiku zisizidi desibeli 45 nje ya nyumba. Mwongozo huo ulizingatia ushahidi kuhusu usingizi unaokatizwa, usumbufu na maradhi ya moyo.

Mtetemo: kinachosikika kwa miguu

Kelele husafiri hewani. Mtetemo husafiri ardhini na ndani ya jengo lenyewe, kupitia msingi, nguzo na sakafu. Treni, mtambo wa kushindilia barabara, baruti ya machimbo, nguzo za msingi zinazogongwa ardhini, lifti, pampu, hata chumba cha mazoezi kilicho ghorofani ambako watu huangusha vyuma: vyote hivi ni vyanzo vya mitetemo.

Mtetemo hupimwa kwa kasi ambayo ardhi au sakafu husogea nayo, kwa milimita kwa sekunde. Katika viwango vya Uingereza vinavyotumiwa kwenye maeneo ya ujenzi, mtu aliye nyumbani huweza kuanza kuhisi mtetemo unapofika milimita 0.3 kwa sekunde. Ukifika milimita 1, malalamiko hutarajiwa, ingawa watu huweza kuvumilia wakiarifiwa mapema. Kuta za nyumba ya kawaida, kwa upande wake, huhitaji mtetemo mkubwa zaidi kabla ya kupata hata nyufa ndogo za plasta. Kiwango cha Ujerumani kwa nyumba za makazi huanzia milimita 5 kwa sekunde, na kwa majengo ya kale yaliyo dhaifu huanzia milimita 3.

Tofauti hiyo ni muhimu sana. Mwanadamu huhisi mtetemo muda mrefu kabla ya ukuta kupata ufa. Hivyo mkandarasi anaweza kusema kweli kwamba nyumba yako haiko hatarini, na wewe ukasema kweli kwamba hulali.

Sheria ya Kenya inasema nini

Kenya ina kanuni mahususi za kudhibiti kelele na mitetemo iliyopita kiasi. Zilitolewa mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, inayosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA.

Kanuni hizo hugawa maeneo kulingana na matumizi. Katika maeneo ya utulivu na sehemu za ibada, kiwango cha juu ni desibeli 40 mchana na 35 usiku. Katika maeneo ya makazi, nje ya nyumba ni 50 mchana na 35 usiku, na ndani ni 45 mchana na 35 usiku. Mahali ambapo makazi yamechanganyika na biashara na burudani ni 55 mchana na 35 usiku. Maeneo ya biashara ni 60 mchana, na usiku ni 35 vilevile. Mchana huhesabiwa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku.

Maeneo ya ujenzi yana jedwali lake. Karibu na hospitali, shule na makazi, kelele za ujenzi zisizidi desibeli 60 mchana na 35 usiku. Kwingineko ni 75 mchana na 65 usiku, na hapa usiku huanza mapema, saa 12 jioni.

Kuhusu mitetemo, kanuni zinakataza ile inayozidi sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa kiwanja kinakotoka, au umbali wa mita 30 kutoka kwenye chanzo kinachosogea. Hizo ni milimita 5. Ukirudi kwenye hesabu ya hapo juu utaona kwamba kipimo hiki kinakaribiana na kile cha kulinda kuta, na ni zaidi ya mara 10 ya kile ambacho mtu huanza kukihisi. Lakini kanuni hiyo hiyo ina sehemu nyingine isiyo na namba: inakataza mitetemo inayosumbua, kuudhi au kuhatarisha starehe, mapumziko, afya au usalama wa wengine. Anayelalamikia usingizi wake ana pa kusimama, hata kama ukuta wake haujapasuka.

Kanuni hazitegemei namba pekee kwa upande wa kelele pia. Katika kuamua kama kelele zimepita kiasi, zinaruhusu kuangalia saa zilipotokea, ukaribu wa makazi, kama hurudiwarudiwa au ni za mfululizo, kama zimekuzwa kwa mitambo, na kama mhusika angeweza kuzipunguza bila gharama isiyo ya kiasi.

Udhaifu mmoja unaonekana kwenye jedwali lenyewe. Desibeli 35 ni kama mnong'ono ndani ya chumba kitulivu. Kiwango hicho ni kizuri kwa mtu anayelala, lakini kimewekwa pia kwa eneo la biashara, ambako magari ya barabara kubwa pekee hutosha kukivuka bila baa hata moja kufunguliwa. Kiwango kinachovukwa na kila mtu hakimlindi yeyote ipasavyo. Humwachia afisa uhuru wa kuchagua nani akamatwe na nani aachwe, na mwenye baa aliyekamatwa huuliza, si bila sababu, kwa nini ni yeye.

Tathmini hufanywaje?

Miradi mingi mikubwa ya nyumba, barabara, reli na viwanda huhitaji tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na kelele na mitetemo ni sehemu ya tathmini hiyo. Kazi hupitia hatua nne.

Kwanza ni kujua hali ilivyo sasa. Mtaalamu hupima kelele zilizopo kabla ya mradi, mchana na usiku, siku ya kazi na mwishoni mwa wiki. Maikrofoni huwekwa kwenye kimo cha mita moja na nusu hivi, mbali na kuta zinazorudisha sauti, siku isiyo na mvua wala upepo mkali, na kifaa huhakikiwa usahihi wake kabla na baada ya kupima. Ripoti iliyopima saa 5 asubuhi ya Jumanne peke yake haiwezi kueleza usiku wa Jumamosi.

Pili ni kukadiria kitakachoongezeka. Sauti ya chanzo kimoja kilichosimama hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kelele za barabara yenye magari mfululizo hupungua kwa desibeli 3 tu. Tuchukue mfano wa jenereta inayotoa desibeli 70 ukiwa umbali wa mita 7, mahali pa wazi. Kwa mita 14 ni 64, kwa mita 28 ni 58, kwa mita 56 ni 52. Ili ishuke chini ya 35 inayotakiwa usiku, itabidi uende zaidi ya mita 390. Hakuna ploti ya mjini yenye nafasi hiyo. Hesabu hii fupi inaonyesha kwamba umbali pekee hauokoi: jenereta inahitaji kasha la kuzuia sauti, bomba la moshi lenye kizuia sauti, na mahali ambapo haitazamani na dirisha la mtu.

Tatu ni kulinganisha. Uingereza hutumia njia rahisi kueleweka kwa kelele za mitambo: kelele mpya hulinganishwa na utulivu uliokuwapo. Zikizidi utulivu huo kwa takriban desibeli 5, ni dalili ya athari mbaya. Zikizidi kwa 10 au zaidi, ni dalili ya athari kubwa, ikitegemea mazingira ya mahali. Njia hii humlinda mkazi wa mtaa mtulivu, ambaye namba moja ya jumla ingeweza kumpuuza.

Nne ni kupunguza madhara, na hapa utaratibu una maana. Kwanza punguza kelele kwenye chanzo, kisha zuia njia zinamopita, na mwisho kabisa mkinge anayezipokea. Ukuta wa kuzuia kelele husaidia pale tu unapokata mstari kati ya chanzo na msikilizaji. Aliye ghorofa ya tano akitazama juu ya ukuta huo hapati nafuu kubwa. Barabara ya juu kama Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 na iliyofunguliwa mwaka 2022, hupitisha magari usawa wa madirisha ya ghorofa za juu za baadhi ya majengo. Hapo kizuizi kinapaswa kuwa kwenye barabara yenyewe.

Kwamba jambo hilo linawezekana si nadharia. Daraja la reli ya SGR linalopita juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi liliwekewa vizuizi vya kupunguza kelele kwa ajili ya wanyamapori. Swali hilo liliulizwa katika mipango, na jibu likajengwa pamoja na daraja.

Nyumba yenyewe pia ni kanuni

Kudhibiti kelele za nje ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ukuta, sakafu na dirisha.

Nchini Uingereza, kanuni za ujenzi zilizoanza kutumika mwaka 2003 zinataka kuta na sakafu zinazotenganisha nyumba mpya zizuie sauti ya hewani kwa angalau desibeli 45, kwa kipimo kinachozingatia pia sauti nzito. Kwa sauti ya kishindo, yaani viatu, viti vinavyoburutwa na watoto wanaorukaruka, kiwango kinachopenya sakafuni kisizidi 62. Muhimu zaidi ni kwamba baadhi ya nyumba za kila mradi hupimwa kabla ya kukabidhiwa, isipokuwa pale mjenzi anapotumia michoro iliyokwisha kuthibitishwa. Ujerumani nayo ina kiwango chake cha kitaifa cha kuzuia sauti ndani ya majengo.

Kuzuia sauti ya hewani kunahitaji uzito na kuziba mianya. Ukuta ukiongezwa uzito maradufu, kwa makadirio huzuia desibeli 5 hadi 6 zaidi. Lakini ukuta mzuri huharibiwa na tundu dogo: soketi mbili zilizotazamana pande zote za ukuta, bomba lililopitishwa bila kuzibwa, au ukuta ulioishia kwenye dari badala ya kufika slabu. Kishindo ni suala jingine. Uzito wa zege pekee hautoshi, kwa kuwa zege gumu hupitisha kishindo vizuri sana. Dawa yake ni tabaka laini kati ya slabu na vigae. Vivyo hivyo, pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye zege huligeuza jengo zima kuwa spika, ilhali mipira chini ya pampu na viungo laini kwenye mabomba hugharimu kidogo vikiwekwa mwanzoni. Kuvunja vigae vya fleti 40 miaka mitatu baadaye ni hesabu nyingine.

Dirisha ndilo mlango mkubwa wa kelele. Nchi za baridi hutegemea vioo viwili vilivyofungwa vizuri. Mombasa au Dar es Salaam, ambako watu wengi hulala madirisha wazi kwa ajili ya joto, dawa hiyo haifai bila kiyoyozi na bili yake. Dirisha lililo wazi hupunguza desibeli 10 hadi 15 tu. Nje kukiwa na 50, chumbani kutakuwa na 35 hadi 40.

Kanuni za Ujerumani kuhusu kelele za biashara na viwanda zina jambo la kufundisha hapa. Kwa nyumba iliyojengwa tayari, kelele hupimwa nusu mita nje ya dirisha lililofunguliwa. Kwa maeneo ya kawaida ya makazi ni desibeli 55 mchana na 40 usiku. Maana yake ni kwamba mwenye kiwanda hawezi kumwambia mkazi "funga dirisha lako" na kesi ikaisha. Kwa miji ya joto, kipimo cha dirisha wazi kina mantiki kubwa zaidi.

Kinachobaki kwa mchoraji ni mpangilio. Ngazi, jikoni, vyoo na stoo viwekwe upande wa barabara, vyumba vya kulala vitazame ndani. Wazo hili si geni Pwani. Nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu zina kuta nene za matumbawe na chokaa, daka la kupokelea wageni mlangoni, ua wa ndani wa kuingiza mwanga na hewa, na vyumba vya faragha vilivyo mbali na njia. Zilijengwa kwa ajili ya staha na ubaridi, na utulivu ukaja pamoja navyo.

Nani alitangulia?

Mgogoro mgumu zaidi hauhusu fizikia. Baa imekuwapo miaka 15, kisha pembeni linajengwa jengo la fleti. Au kinyume chake: mtaa wa familia ulikuwapo, kisha nyumba moja ikageuzwa kilabu cha usiku. Nani abebe gharama ya utulivu?

Jimbo la Victoria nchini Australia, mwaka 2014, liliweka kanuni kwamba anayeleta mabadiliko ndiye anayewajibika kuzuia madhara. Uingereza iliingiza wazo hilo katika sera yake ya kitaifa ya mipango mwaka 2018, na London ikaliweka katika mpango wake wa jiji wa mwaka 2021. Mjenzi wa fleti karibu na ukumbi wa muziki wa siku nyingi huweka madirisha na kuta zinazostahili kwa gharama yake. Kilabu kipya kinachoingia mtaani kwa watu hubeba gharama hizo chenyewe. Kanuni hii haimpi aliyetangulia ruhusa ya kupiga kelele apendavyo. Inaamua tu nani alipe, na inaamua mapema.

Nairobi imejaribu njia ya kufuta leseni. Novemba 2022, serikali ya kaunti ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo katika maeneo ya makazi. Wakazi waliokesha miaka mingi walishangilia. Wenye biashara na wafanyakazi wao waliuliza itakuwaje kwa ajira, na kwa nini leseni zilitolewa tangu mwanzo. Swali hilo la mwisho ndilo kiini cha jambo lote. Baa, kama nyumba za ibada zenye kuta na paa za mabati, huwa imepita mikononi mwa afisa fulani kabla ya spika ya kwanza kuwashwa. Kama haikupita, kosa ni la usimamizi uliolala.

Majukumu matatu chini ya serikali moja

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Jedwali hilo hilo limezipa kaunti mipango na makazi, na pia leseni za vileo. Yaani serikali inayoidhinisha mchoro wa fleti, inayotoa leseni ya baa chini yake, na inayopokea malalamiko ya kelele zake ni moja.

Hiyo ni fursa. Afisa wa mipango anaweza kudai mchoro uonyeshe mahali pa pampu na jenereta. Idara ya vileo inaweza kuuliza kama juu ya baa kuna vyumba vya kulala. Kibali cha kukaliwa kwa jengo kinaweza kusubiri kipimo cha sakafu. Faili hizo tatu zinapokaa katika ofisi tatu zisizozungumza, mwananchi huishia kuwa ndiye anayezikutanisha, kwa barua za malalamiko.

Mkazi anaweza kufanya nini

Kabla ya kulipa amana, tembelea nyumba usiku, hasa Ijumaa au Jumamosi, na tena alfajiri. Simama chumbani dirisha likiwa wazi. Uliza pampu, lifti na jenereta ziko wapi. Kama ni mradi mpya, omba kuona ripoti ya mazingira na usome ukurasa wa kelele: ilipimwa lini, saa ngapi, na wapi.

Ukiona tangazo kwenye kiwanja au gazetini la mradi mpya au la kubadilisha matumizi ya ardhi, usilipite. Huo ndio wakati ambao pingamizi moja lililoandikwa vizuri lina nguvu kuliko malalamiko 20 ya baadaye. Andika mambo mahususi: dirisha lako liko mita ngapi, nani anaishi hapo, saa zipi zinakutia wasiwasi, na sharti gani ungependa liwekwe. Asiyeridhika na uamuzi wa kutoa leseni ya mazingira anaweza kukata rufaa kwenye Mahakama Maalumu ya Mazingira ndani ya siku 60.

Kama kelele zimekwisha kuanza, weka daftari: tarehe, saa zilipoanza na kuisha, aina ya sauti, na athari yake. Programu ya simu ya kupima desibeli husaidia kuonyesha mwelekeo, lakini si ushahidi wa kipimo, kwa kuwa maikrofoni ya simu haijahakikiwa. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa kaunti au NEMA na uombe kipimo rasmi. Majirani wakiandika pamoja, ni vigumu kuitwa ugomvi wa watu wawili.

Zaidi ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara au madhara. Neno "kutishiwa" lina uzito wake hapa: halimtaki mkazi asubiri spika iwashwe. Linamruhusu kusimama wakati kiwanja bado ni kitupu na mchoro bado unaweza kubadilishwa.